Televisheni ya Wakwe

Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, duka la vifaa vya umeme lililo karibu na stendi ya Machakos lilifurika mpaka mlinzi akaanza kuwaomba watu wasubiri nje. Huyu alitaka pasi, yule alitaka jiko la gesi, na mama mmoja alikuwa amerudisha blenda akidai inasaga kwa hasira. Katikati ya vurugu hizo alisimama Mutheu, fulana nyekundu ya duka mwilini, kilemba cha kitenge cha manjano kichwani, mgongo wake ukiwa umeelekea ukuta mzima wa televisheni. Miaka sita alikuwa akiuza skrini, na ulimi wake ulijulikana mpaka sokoni.

Ndipo akaingia mwanamume mrefu, ovaroli ya buluu, matope magotini, na miguuni soksi tupu. Soksi ya kulia ilikuwa imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Gambuti zake alikuwa ameziacha mlangoni.

"Kaka, karibu," Mutheu alisema akijikaza asicheke. "Hapa si msikitini. Ungeingia na viatu."

"Viko na matope, dada. Nimetoka kisimani huko Masii, natengeneza pampu. Sitaki kuwachafulia."

"Haya basi, mwenye adabu. Unatafuta nini?"

"TV." Akanyoosha kidole. "Ile kubwa."

"Inchi hamsini na tano? Ya kuangalia nini?"

"Ya kucheza gemu. Gemu ya mpira. Nikitoka kazi nacheza kidogo, kichwa inapoa."

"Unakaa wapi?"

"Katoloni."

"Nyumba ya vyumba vingapi?"

Mwanamume akacheka. Meno yake yalikuwa meupe, na kicheko chake kilikuwa cha mtu asiye na haraka. "Dada, wewe unauza TV ama unahesabu watu wa sensa?"

Mutheu alivuta stuli, akamkalisha, akatoa tepu ya kupimia mfukoni. "Tuseme hapo umekaa ni kitandani. Ukuta uko wapi?"

"Hapo ulipo."

"Hapa?" Alikuwa amepiga hatua mbili tu. "Kaka yangu, ukiweka ile TV kwa hiyo nyumba, kipa utamwona, lakini goli hutaliona. Utacheza ukigeuza shingo kama mtu anaangalia tenisi."

Watu wawili waliokuwa wakisubiri kuhudumiwa wakaangua kicheko. Mwanamume naye akacheka, ila hakukubali kushindwa upesi. "Lakini TV ni TV. Ikiwa kubwa inapendeza."

"Sikia nikwambie. TV nyingi zinapamba picha kwanza, ndiyo zikuonyeshe. Unabonyeza kupiga, mchezaji anafikiria, halafu ndiyo anapiga. Ziko zile za bei ya juu ambazo ukiziweka kwa mpangilio wa gemu zinaharakisha. Lakini monita, ile skrini ya kompyuta, haina maringo hayo. Ukibonyeza, imeshapiga. Unakaa na nani?"

Lilikuwa swali la biashara. Hivyo ndivyo Mutheu alivyojiambia, ingawa mashavu yalipata moto.

"Mimi tu," akajibu yule mwanamume, akimtazama sawasawa.

"Basi chukua monita. Inchi ishirini na saba. Hiyo ni ya mtu mmoja."

"Mtu anataka kubwa, unamuuzia ndogo. Bosi wako anajua?"

"Bosi anajua wateja wangu hurudi."

Jina alilotoa la kuandikwa kwenye waranti lilikuwa Musili. Akabeba monita yake, akavaa gambuti zake, akaondoka. Na kweli, alirudi.

Jumatatu alirudi kutafuta waya. Alhamisi alirudi kutafuta kitambaa cha kupangusia skrini, kitu ambacho mtu mwenye akili hupata kwa kukata fulana kuukuu. Wiki iliyofuata alikuja bila sababu yoyote, amenyoa, amevaa shati la mistari na viatu vilivyong'aa, akasimama mbele ya majokofu akijifanya anasoma bei. Ndolo, muuzaji mwenzake Mutheu, mtu mwenye kitambi na maneno mengi, akamsogelea dada yetu akamnong'oneza, "Huyu jamaa wa gambuti, mwambie anunue wewe, aache kutusumbua." Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika.

Wakaanza na chai na chapati kwenye kibanda nyuma ya stendi. Baadaye zikaja simu. Musili alipiga akiwa Masii, akiwa Tala, akiwa juu ya tangi la maji upepo ukivuma kwenye simu.

"Mutheu wakwa, Mutheu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe shuka huko juu kabla hujaanguka nikalaumiwa."

"Nikianguka utalia?"

"Nitalia nikishamaliza zamu."

Jumapili moja alasiri Mutheu alikwenda Katoloni kuona hiyo monita ilivyokaa. Chumba kilikuwa kimefagiliwa hadi uvunguni. Kulikuwa na kitanda, meza, monita juu ya meza, na kiti kimoja. Walikaa wote wawili pembeni mwa kitanda, magoti yakigongana, vichwa vikishindania nafasi mbele ya skrini, na Mutheu akamfunga mabao manne kwa moja.

"Umenionea," Musili akalalamika. "Kila nikitaka kuona upande wa kulia naona kilemba chako."

"Nilikwambia hiyo ni ya mtu mmoja."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Nunua stuli," akasema Mutheu, na moyo wake ukacheza ngoma.

Lakini moyo huohuo ulikuwa na kovu. Kabla ya Musili kulikuwa na Wambua, na Wambua alikuwa bingwa wa Desemba. "Desemba tutaenda kwenu," alisema mwaka wa kwanza, na kule Kangundo baba yake Mutheu akapaka nyumba rangi. Mwaka wa pili mama akafuga kuku wa kuchinjia wageni. Mwaka wa nne wazee hawakuuliza tena, na kutouliza kwao kulimuuma binti kuliko matusi. Siku alipoachana na Wambua, Mutheu aliapa kwamba hatataja tena jina la mwanamume kwa wazazi wake mpaka huyo mwanamume asimame mwenyewe mbele yao. Kwa hiyo kwao hakuna aliyejua kuna mtu anaitwa Musili.

Musili ndiye aliyejua habari za kwao. Mutheu alimsimulia hasa juu ya baba, Mzee Mwangangi, aliyeendesha malori ya kahawa miaka thelathini hadi magoti yakamkatalia. Kaka yake Mutheu, Levi, alipokwenda Qatar aliacha mashine ya gemu nyumbani, na mzee akaigundua gemu ya magari. Tangu hapo hakuna aliyempata shambani baada ya chakula cha mchana.

"Lakini ile TV yao ni ya zamani," Mutheu alisema huku akicheka. "Iko na mstari wa kijani katikati, na inachelewa. Mzee anakata kona, gari inafikiria. Ikishafikiria ameingia kwa ukuta. Halafu anakasirikia mama!"

Musili alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Anakaa mbali kiasi gani na TV?"

"Mbali. Kiti chake kiko karibu na mlango, apate hewa."

"Na mama?"

"Huyo anakaa upande wa dirisha, akishona. Anangoja gari zikwishe aone habari. Mimi nataka kumpelekea mzee monita, ndiyo inakata kona haraka."

Musili akamalizia chai yake. Mutheu alidhani hayo yameishia hapo.

Jumatano moja alifika kazini baada ya siku yake ya mapumziko, akamkuta Ndolo ana tabasamu la mtu mwenye habari. "Jamaa yako alikuwa hapa jana. Amebeba ile ya hamsini na tano, ile ya mpangilio wa gemu."

"Musili? Ataiweka wapi, kwa dari?"

"Si yake. Nilimuuliza inaenda wapi ndiyo nijue kama tutaifunga vizuri kwa pikapu. Akasema, 'Napelekea wakwe.' Alikuwa anacheka peke yake kama mtu amemeza jua."

Mutheu alishika kaunta. Wakwe. Mtu huwa na wakwe akiwa na mke, au akiwa karibu kumpata. Na amechagua siku ambayo yeye hayupo! Saa nne simu yake ikalia.

"Mutheu wakwa, umeamkaje?"

"Vizuri. Jana ulikuwa wapi?"

"Jana? Kazi, mpenzi. Kisimani."

"Kazi njema," akasema Mutheu, akakata simu, akaifungia namba ya Musili.

Kwa siku tatu hakuna aliyemtambua. Mteja wa redio alimuuzia kipaza sauti. Aliingia stoo akakaa kati ya maboksi akalia mpaka kilemba kikalowa, akijilaumu kwamba hata baada ya Wambua hajajifunza. Musili alikuja mlangoni mara mbili, na mara zote mbili Ndolo, kwa amri kali, akamwambia dada hayupo.

Jumamosi asubuhi, duka limejaa, baba yake akapiga simu.

"Mutheu, kuna fundi wa pampu unamjua?"

"Fundi wa pampu, baba?"

"Alikuja hapa Jumanne na pikapu. Ameshusha TV, kubwa kama mlango wa kanisa. Nikamuuliza, kijana, wewe ni nani? Akafungua mdomo, akafunga. Akasema yeye ni fundi wa pampu. Nikamwambia hapa hatuna pampu. Akasema pole sana mzee, akaingia kwa pikapu akaenda."

"Akaacha TV?"

"Iko hapa varanda, nimeifunika na magunia. Nilidhani ni mtu amepotea nyumba, nikangoja airudie. Lakini leo mama yako amesoma karatasi ya waranti. Iko na jina ya duka yenu. Mnunuzi ni Musili, na chini ameandika kwa mkono wake: kwa Mwangangi, baba Mutheu, Kangundo. Sasa niambie, huyu Musili ni nani, na jina langu amelitoa wapi?"

Mutheu akaketi juu ya boksi la jiko. Wakwe walikuwa baba na mama yake! Akacheka, akalia, akacheka tena, na mama mmoja aliyekuwa akichagua birika akaliacha akasogea mbali.

"Baba," alisema alipopata sauti, "ifungue tu. Ni yako."

"Siifungui. Mtu haleti kitu kwa boma ya msichana kabla ya mbuzi za ntheo, zile za kuposa. Hiyo ni kuingia kwa dirisha. Mwambie akuje aichukue, ama akuje aseme yeye ni nani."

Mutheu alifungua ile namba, akapiga. Simu haikulia hata mara mbili.

"Mutheu! Umenifungulia! Mimi nimekosa nini, mpenzi? Siku tatu sijakula."

"Nyamaza kwanza. TV ulisema unapelekea nani?"

Akajibu kwa sauti ya chini, "Wakwe."

"Wakwe wa nani?"

"Wangu."

"Na binti yao ulimuuliza lini?"

"Nilitaka nianze na mzee. Nilipanga maneno kutoka Tala, nikayarudia njia yote. Kufika, akaniangalia, akaniuliza mimi ni nani. Maneno yote yakapotea."

"Ukasema wewe ni fundi wa pampu."

"Si ni ukweli?"

"Na mimi ukanidanganya ulikuwa kisimani! Nimelia siku tatu nikidhani uko na bibi."

"Bibi? Mimi? Mutheu, hata ile stuli nimenunua juzi tu!" Sauti yake ikalegea. "Hapo kwa uwongo nimekukosea. Nilitaka iwe furaha ya ghafla. Nisamehe."

Hasira ya Mutheu ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imeanza kukosa pa kukaa. "Kesho tunaenda Kangundo," akasema. "Na vaa soksi nzima."

Jumapili baada ya kanisa walifika, Mutheu ndani ya gauni la kitenge cha zambarau lililomkaa vizuri mpaka Musili akasahau kufunga mlango wa pikapu. Yeye alivaa shati la kijani ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijaisha. Mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya vilima vya kahawa. Mzee Mwangangi aliketi varandani kando ya boksi kama askari anayelinda benki, na Mama Kalunde, mkewe, alisimama mlangoni amejifunga leso, macho yakimpima mgeni kutoka kichwani hadi viatuni.

"Fundi wa pampu," alisema mzee.

"Naam, mzee. Jina langu ni Musili, mwana wa Kaloki, wa Tala."

"Leo jina limepatikana. Keti. Hii kitu uliniletea ni TV ama monita?"

"Ni TV, mzee."

"Mimi nasikia monita ndiyo inakata kona haraka. Binti yangu anauza hizi vitu, ananiambiaga. Kwa nini hukuniletea monita?"

Mutheu alijua hilo ndilo swali ambalo yeye mwenyewe angeuliza.

Musili alikaa wima. "Monita ni nzuri, mzee, mimi natumia hiyo. Lakini monita mtu anaikaribia. Wewe unakaa mlangoni, na macho ya dereva wa miaka thelathini yamechoka. Tena mama anakaa kando ya dirisha. Hii hata ukiwa upande picha haipotei, na ukiiweka kwa mpangilio wa gemu, kona inakata. Monita ingekufaa wewe peke yako. Hapa mnakaa wawili."

Mama Kalunde akamtazama mumewe. Miaka mitatu alikuwa akiangalia habari kwa kupinda shingo, na hakuna aliyewahi kuuliza yeye huketi wapi. "Baba Mutheu," akasema, "huyu kijana ana macho."

Mutheu naye akamtazama Musili upya. Mwanamume huyu, ambaye hakuwa amewahi kuingia sebule ile, alikuwa ameikumbuka yote kutokana na masimulizi ya Mutheu, kiti kwa kiti.

Mzee hakutaka kulegea mbele ya mgeni. "Na huyu msichana, umemuuliza?"

"Bado."

"Kwa hivyo umenunua dizeli kabla ya lori."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," Mama Kalunde akamwambia Musili. "Muulize sasa. Sisi hatuna haraka."

Musili akasimama. Jasho lilimtoka mpaka shati likabadilika rangi mgongoni. "Mutheu, mimi maneno hunikimbia, umesikia mwenyewe. Lakini ile nyumba yangu ni ya mtu mmoja, na mimi sitaki tena kuwa mtu mmoja. Utakubali nikuoe?"

Mutheu alitaka kusema ndiyo tangu neno la kwanza. Lakini alimwona baba yake, jinsi alivyoshika fimbo kwa nguvu na kutazama pembeni, mzee anayeogopa kutumaini, na ndiyo yake akaizuia kwanza.

"Lini?" akauliza. "Usiniambie tutapanga. Niambie siku."

"Jumamosi hii. Mbuzi wapo tayari kwa mjomba wangu, anaitwa Masila. Watatu."

"Umewanunua lini?" mzee akadakia.

"Kabla ya TV."

Watu wote watatu wakamkodolea macho. "Sasa kwa nini hukuanza na mbuzi?" mzee akafoka.

"Pikapu ilikuwa ya kuazima, mzee, na hawangeenea pamoja na TV. Nikaona mvua iko karibu. TV ikinyeshewa imekufa, lakini mbuzi wanaweza kungoja."

Mzee Mwangangi alimtazama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, fimbo ikamponyoka, akacheka kicheko ambacho Mutheu hakuwa amekisikia tangu Desemba ya kwanza. "Mbuzi wanaweza kungoja! Kalunde, umesikia?"

"Ndiyo," akasema Mutheu katikati ya kicheko hicho, na kwa kuwa hakuna aliyesikia akasema tena kwa nguvu. "Ndiyo! Nimekubali!"

Mvua ikaanza. Ikabidi boksi liingizwe ndani, na likishaingia ndani mzee akakumbuka kwamba kitu cha umeme hujaribiwa. "Kujaribu si kupokea," alieleza huku akikata utepe wa boksi kwa kisu cha jikoni. Mutheu akaweka ule mpangilio wa gemu, na mzee akaanza kuendesha, akisema ni mzunguko mmoja tu. Alipokata kona ya kwanza gari likakata palepale. Aliendesha mizunguko kumi na minne, kisha akaamuru televisheni irudishwe ndani ya boksi hadi Jumamosi, maana mila ni mila.

Jumamosi mbuzi watatu waliingia Kangundo saa tano asubuhi, mmoja akila maua ya jirani njiani. Wazee wa Tala walikaa upande mmoja, wa Kangundo upande mwingine, na akina mama wakajazana jikoni wakisonga na kusengenya. Salamu zilipokwisha, Mutheu akaitwa. Alitoka amevaa nyeupe, shanga za buluu shingoni, akasimama katikati ya ua mbele ya watu wote.

"Mutheu," baba yake alisema akiinuka kwa fimbo, "kuna watu wamekuja hapa na mbuzi. Mimi siwezi kula mbuzi wa watu bure. Unawajua?"

Tangu Desemba ile ya kwanza alikuwa amengoja kuulizwa swali hilo. Alimtazama baba, akamtazama mama aliyeshika leso mdomoni, akamtazama mwanamume mwenye shati la kijani aliyekuwa amesahau kupumua.

"Nawajua, baba," akasema, na sauti yake ikafika hadi barabarani. "Kuleni mbuzi. Hawa ni watu wangu."